Oili ya injini ya pikipiki: acheni kuuliza "ipi nzito", geuzeni kopo msome mgongoni

Chujio la Wavu:

Wakuu salaam.

Swali hili halikauki: "Pikipiki yangu niweke oili gani?" Majibu nayo ni yale yale. Mmoja anataja kampuni aliyoizoea, wa pili anasema weka nzito, wa tatu anasema oili ni oili tu, muhimu usichelewe kumwaga. Mwenye swali anaondoka na majibu matatu na pikipiki moja.

Mimi si mhandisi. Nimeshika spana miaka kadhaa, na kuna klachi moja niliiua kwa mkono wangu mwenyewe. Nianze na hiyo.

Nilikuwa na oili ya gari iliyobaki, lita moja na ushee, sintetiki, ya gharama. Nikaona leo pikipiki nayo ionje raha. Nikamwaga ya zamani, nikaijaza. Siku tatu za kwanza nilijisifu: injini imetulia, gia zinaingia laini, mtetemo umepungua. Siku ya nne nikaingia kwenye mlima, gia ya tatu, nikavuta resi. Injini ikapiga kelele, pikipiki ikabaki na mwendo wake ule ule kama mtu anayekimbia kwenye tope. Nilipofika juu kulikuwa na harufu ya kuungua, ile unayoisikia lori likitoka mteremkoni na breki zimepata moto.

Oili haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeipeleka mahali pasipo pake.

Kwenye gari, oili ya injini ina nyumba yake. Gia boksi ina oili yake mbali, na klachi ya gari la gia za mkono mara nyingi inakaa kavu kabisa. Kwenye pikipiki nyingi za gia, oili ni moja tu. Inalainisha pistoni, beringi na kemu (shafti inayofungua valvu), inapita katikati ya meno ya gia, kisha inaiogesha klachi. Na hapo kuna kutoelewana: pistoni na beringi zinataka utelezi, klachi inataka mshiko. Ndani ya klachi kuna plati za msuguano zimepishana na plati za chuma, springi zinazibana pamoja. Zikishikana, nguvu inakwenda kwenye tairi. Zikiteleza, nguvu inageuka joto, na ile harufu ndiyo joto lenyewe.

Sasa oili nyingi za kisasa za magari, hasa nyepesi kama 0W-20 na 5W-30, zinawekewa viungo vya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo. Kwa gari ni jambo jema. Kwa klachi inayooga ndani ya oili hiyo hiyo, umepaka sabuni kwenye mikono ya mtu anayevuta kamba.

Kwa hiyo mkononi mwako lile kopo lina mambo matatu ya kusoma.

La kwanza ni namba za uzito, mfano 10W-40. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba ya mbele inaeleza tabia ya oili ikiwa imepoa: ndogo ikimaanisha inatiririka haraka asubuhi unapowasha. Namba ya nyuma ni uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100. Wengi wanaamini 20W-50 ni oili inayoanza na 20 halafu inakuwa nzito mpaka 50 injini ikichemka. Hapana. Hakuna oili inayoongezeka uzito kwa kupata moto, zote zinalegea. Ile 50 ni kusema tu kwamba ikifika nyuzi 100 imelegea kiasi cha kulingana na oili ya daraja la 50.

Na daraja si kipimo kimoja, ni chumba chenye kuta mbili. Daraja la 40 linaanzia sentistoksi (kipimo cha uzito wa oili) 12.5 na halifiki 16.3. Oili yenye 12.6 ni 40, yenye 16.2 nayo ni 40. Weka hilo kichwani, nitalirudia.

La pili, na kwetu ndilo kubwa, ni JASO, shirika la Kijapani la viwango vya magari. Wajapani ndio waliobuni pikipiki nyingi tunazozijua, na oili za magari zilipoanza kuwa telezi kupita kiasi waliona klachi zinalia. Mwaka 1998 wakatoa kiwango cha T 903 kwa pikipiki za mipigo minne. Oili ikipimwa msuguano wake kwenye klachi inaangukia MA au MB. MA ina mshiko, ni ya klachi inayooga oili. MB ni telezi, ni ya skuta ambazo klachi yake iko kavu, pembeni, haiguswi na oili ya injini. Mwaka 2006 MA ikagawanywa: MA1 na MA2, na MA2 ndiyo yenye mshiko zaidi.

Alama yake ni kisanduku kidogo mgongoni mwa kopo, juu namba ya usajili, chini herufi za daraja. Kisanduku kikiwepo, mtengenezaji ameisajili oili yake. Ukikuta tu sentensi kwamba "inafaa kwa JASO MA", hayo ni maneno ya mtengenezaji. Yanaweza kuwa kweli, lakini ni maneno.

La tatu ni API, daraja za ubora za taasisi ya petroli ya Marekani. Herufi S mwanzoni ni injini za petroli, na inayofuata ni ngazi: SG, SH, SJ, SL, SM, SN, SP iliyoanza 2020, na SQ iliyoanza 2025. Kitabu kikisema SJ au zaidi, SL inafaa. Lakini msidanganyike kwamba herufi ya mbele zaidi inatosha. SP isiyo na JASO MA kwenye pikipiki ya gia inaweza kukupeleka kwenye mlima wangu ule.

Gia nazo msizisahau. Oili yenye namba mbili hupata uwezo wake kutokana na polima, minyororo mirefu ya molekuli inayozuia oili isilegee mno ikipata moto. Meno ya gia yanaikatakata minyororo hiyo kila yanapokutana. Ndiyo maana oili iliyoanza safari ikiwa 40 inaweza kumaliza ikiwa 30 bila kupungua hata tone. Ile ya 12.6 haina pa kushukia, ukuta uko mgongoni. Ukiona siku za mwisho kabla ya kumwaga gia zinaingia kwa kelele na nyutro inagoma kupatikana, mara nyingi ni hili.

Naomba kuwasilisha. Karibuni, hata kwa kunipinga.

---

Gia Nne:

Mkuu umeniandika mimi. Jumamosi nimemwaga oili, nikaweka mpya. Leo Jumatano, resi juu mwendo hakuna, hasa nikiwa na mtu nyuma. Ni 125, imetembea kilometa 31,000. Nilinunua kopo la lita nne kwa sababu ukigawanya kwa lita inatoka nafuu kuliko vile vichupa. Nimekwisha?

---

Chujio la Wavu:

Hujaisha kaka. Geuza kopo utuandikie kila kilichoko mgongoni, hasa ndani ya alama ya duara ya API.

---

Moshi wa Bluu:

Mimi miaka yote naweka nzito kuliko zote iliyopo dukani, injini haijawahi kuniangusha. Hizi JASO ni za kuuza makopo.

---

Spana Kumi na Nne:

Moshi, jina lako linakusaliti, moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Mzee wa uzi umeandika vizuri, ila naongeza hapo kwenye uzito kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Nzito si sawa na bora. Honda wenyewe hupendekeza 10W-30 kwa pikipiki zao nyingi za leo, na wao ndio waliozipima nafasi kati ya vyuma. Oili inapaswa kupanda mpaka juu kwenye kemu sekunde chache baada ya kuwasha. Ukiweka nzito kupita kiasi kwenye injini iliyobanwa kwa vipimo vya oili nyepesi, inachelewa kufika juu kila asubuhi, na kila asubuhi vyuma vinasuguana vikavu kidogo. Huoni leo, utaona baadaye kemu ikiwa na mikwaruzo.

Upande wa pili, injini inayopozwa kwa hewa, inayopakia mizigo kutwa kwenye jua, kitabu chake kikisema 20W-40 au 20W-50, usiiwekee 10W-30 kwa sababu umesikia ni ya kisasa. Vitabu vingi vina jedwali la joto la hewa ya nje na namba ya oili mbele yake. Jedwali lile lina akili kuliko sisi sote humu.

---

Dada Helmeti:

Naomba kuuliza bila kuchekwa. Nina skuta, haina gia wala mkono wa klachi. Fundi ameniwekea MA. Nimeharibu?

---

Chujio la Wavu:

Hakuna wa kukucheka dada. Hujaharibu kitu. Skuta ya mkanda klachi yake ni kavu, kwa hiyo MB inatosha na inakupunguzia msuguano, petroli inakwenda mbali kidogo. MA ndani yake haidhuru. Kosa linalouma ni la upande mwingine, MB kwenye pikipiki yenye klachi inayooga.

Ila mwulize fundi kitu kimoja: ile oili ya gia kwenye tairi la nyuma ilibadilishwa lini? Skuta nyingi zina kisanduku kidogo cha gia nyuma chenye oili yake peke yake, kiasi kidogo tu, na watu wanakisahau mpaka beringi zianze kuimba.

---

Dada Helmeti:

Nimempigia. Kanyamaza kwanza, halafu kasema "ipo hiyo?"

---

Gia Nne:

Nimerudi. Mgongoni: 5W-30, API SN, JASO haipo popote. Kwenye duara, nusu ya chini imeandikwa "Resource Conserving".

---

Chujio la Wavu:

Ndilo lenyewe. Maneno hayo, na kwenye makopo ya zamani "Energy Conserving", ndiyo tangazo la oili ya kubana matumizi ya petroli. Ukiyaona kwenye duara na pikipiki yako ina klachi inayooga, rudisha kopo kwenye rafu.

Jambo jingine linalokwenda pamoja na hilo: fosforasi. Inatoka kwenye kiungo cha zinki kinacholinda vyuma vinavyosuguana kwa nguvu, kama kemu na meno ya gia. Oili nyepesi za magari zimepunguziwa ili zisiharibu kichujio cha moshi kwenye ekzosti. JASO inataka isipungue asilimia 0.08 na isizidi 0.12. Kwa hiyo ulichokosa si mshiko peke yake.

Ufanye hivi. Mwaga leo, weka MA au MA2 ya uzito wa kitabu chako. Tembea kilometa mia mbili hivi kwa upole, mwaga tena, jaza upya. Mara mbili kwa sababu oili ya kwanza haitoki yote, inabaki kwenye gia na katikati ya plati zenyewe. Klachi nyingi zinarudi. Kama zimeshaungua hazitarudi.

---

Spana Kumi na Nne:

Kabla hujamwaga chochote, shika mkono wa klachi. Una mchezo?

Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanabadilisha oili mara tatu na tatizo ni kebo. Ncha ya mkono iwe na nafasi ya kucheza kabla haijaanza kukaza, pikipiki nyingi ndogo ni milimita 10 hadi 20. Ikiwa haina, plati zinabaki zimeachiana kidogo muda wote, kama umeushika mkono bila kujua. Hapo hata uweke oili ya dhahabu itateleza.

---

Gia Nne:

Mchezo hakuna kabisa mkuu. Kukaza kunaanza palepale unapogusa. Niliikaza mwenyewe miezi miwili iliyopita, nilipenda ilivyokuwa nyepesi kushika.

---

Chujio la Wavu:

Spana heshima yako. Mimi ningeihukumu oili peke yake.

---

Moshi wa Bluu:

Sawa, nakubali kufundishwa. Yangu inakula oili. Kila wiki naongeza, ndiyo maana nikahamia 20W-50. Na kweli imepungua kula. Sasa mnaniambia nimekosea?

---

Spana Kumi na Nne:

Hujakosea sana, umefunga kidonda kwa kitambaa. Moshi wenyewe unatoka lini?

---

Moshi wa Bluu:

Asubuhi nikiwasha, wingu moja, halafu unakata. Nikiwa njiani sioni.

---

Spana Kumi na Nne:

Hizo kwa kawaida ni sili za valvu. Oili inashuka usiku kidogo kidogo kupitia shina la valvu, asubuhi inaungua yote kwa mara moja. Sili ni kazi ndogo ukilinganisha na kufungua injini yote. Ungekuwa unaona moshi ukivuta resi mlimani muda wote, ningekuambia ringi za pistoni au silinda yenyewe imekula. Ukikata resi kwenye mteremko halafu ukivuta tena linatoka wingu, rudi kwenye valvu.

Oili nzito inapita polepole kwenye nafasi iliyolegea, ndiyo maana unaona nafuu. Lakini nafasi bado ipo. Kama kitabu chako kinaruhusu 50, endelea nayo huku ukitafuta sili. Kama hakiruhusu, pima kwa stiki kila asubuhi na urudi kwenye namba yako. Injini hainoki kwa kula oili. Inanoki siku mwenyewe amesahau kwamba inakula.

---

Mipigo Miwili:

Na sisi wenye pikipiki za kuchanganya oili na petroli?

---

Chujio la Wavu:

Ninyi uzi wenu ni mwingine mkuu. Oili ya mipigo miwili imetengenezwa iungue, daraja zake ni FB, FC, FD, na uwiano fuata kitabu. Ila kumbuka hata yako ina gia boksi yenye oili yake na klachi ndani, na hapo ndipo haya tunayosema yanakuhusu. Usije ukamimina ile ya kuchanganya humo.

---

Kijiti:

Swali langu liko kwenye kupima. Huwa nachomoa stiki, nafuta, naifunga mpaka mwisho, nachomoa, nasoma. Iko juu kila siku. Juzi injini imechemka, fundi kamwaga imetoka nusu lita kwenye injini inayobeba oili lita moja.

---

Chujio la Wavu:

Hapo umetaja kosa ambalo limeua injini nyingi kimya kimya. Kwenye pikipiki nyingi, hasa za Kijapani na zilizofuata ramani zao, stiki haifungwi wakati wa kupima. Unaifuta, unaiingiza mpaka nyuzi zake zikalie mdomo wa tundu, unachomoa, unasoma. Ukiifunga inazama chini zaidi, oili inapanda juu ya alama, unajiona tajiri kumbe huna. Zipo injini ambazo stiki inafungwa, kwa hiyo fungua kitabu cha yako kabla ya kusadiki.

Na pikipiki isimame wima, si kwa stendi ya pembeni. Washa dakika chache, zima, subiri dakika mbili tatu oili ishuke. Ukipima imeinamia pembeni umepima ukuta.

Kujaza kupita alama nako si baraka. Krenkshafti inaipiga oili inakuwa povu, na povu halilainishi. Inayozidi inapanda kwenye bomba la kupumulia mpaka kwenye boksi la filta ya hewa. Ukifungua filta ukaikuta imelowa oili, kabla hujafikiria ringi, pima kwanza kama hukujaza mno.

---

Dada Helmeti:

Yangu baada ya siku chache inakuwa nyeusi. Hiyo ni feki?

---

Chujio la Wavu:

Weusi peke yake hausemi kitu. Oili nzuri ina sabuni ndani, inabeba masizi yasigande kwenye vyuma, na kwenye injini yenye uchafu wa zamani inageuka nyeusi haraka kwa sababu inafanya kazi. Mimi ningeogopa ile ambayo baada ya kilometa elfu mbili bado inang'aa kwenye injini chakavu.

Rangi ya kukushtua ni ya chai ya maziwa, hapo maji yameingia. Na ukinusa stiki ukasikia petroli kali, karburita inavujisha, inashuka mpaka chini kwenye oili, na uzito wote uliolipia umekwisha.

Kuhusu feki, kitu ninachokifanya kila nikimaliza ni kulitoboa kopo tupu kwa msumari. Kopo zima lenye lebo safi ni mtaji wa mtu mwingine wa kujazia oili chafu iliyochujwa. Wakati wa kununua, angalia ile pete ya kifuniko kama imeshikana na shingo, na karatasi ya ndani kama haijabanduliwa ikagundishwa. Lebo za mbele na nyuma zisipingane namba. Nimewahi kukuta mbele 20W-50, nyuma 15W-40.

---

Mwanafunzi wa Gereji:

Bosi wangu anaweka oili ya dizeli kwenye pikipiki zote. Anasema ina sabuni kali.

---

Spana Kumi na Nne:

Bosi wako hajakosea kila mahali. Zipo oili za dizeli zenye JASO MA, Shell Rotella ya 15W-40 ni mojawapo, na watu wanazitumia bila shida. Nyingi hazina vile viungo vya utelezi. Tatizo ni pale anaposema "zote". Asome kopo, si mlango wa lori.

Na kama anaongeza zile dawa za chupa ndogo za kupunguza msuguano, mkimbie. Oili ya pikipiki imepimwa kwa mshiko wake, wewe unamimina utelezi juu yake.

---

Mwanafunzi wa Gereji:

Na sintetiki? Kuna mteja kasema sintetiki inateleza klachi.

---

Chujio la Wavu:

Hapana, hilo ni jina baya lililotokana na watu kama mimi. Sintetiki niliyoweka ilikuwa ya gari, nikailaumu usintetiki wake. Sintetiki yenye MA2 inashika kama mineral (oili ya kawaida, isiyo sintetiki) yenye MA2, kipimo ni kile kile. Faida yake ni kuvumilia joto na kutiririka baridi.

Mkihitaji kucheka kidogo: hata neno lenyewe lina kesi. Mwaka 1999 huko Marekani Mobil waliwalalamikia Castrol kwamba wanaita sintetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa sana. Kitengo kinachoamua migogoro ya matangazo kikawapa ushindi Castrol. Tangu hapo kopo lenye neno hilo linaweza kuwa na oili ya namna hiyo au ile iliyoundwa kiwandani.

Kwa pikipiki ndogo ya kazi mimi naweka mineral au nusu sintetiki, namwaga mapema. Sababu iko kwenye jina langu humu. Injini nyingi ndogo zinazopozwa kwa hewa hazina filta ya karatasi. Zina wavu chini, mwembamba kama chujio la chai, na nyingine zina bakuli linalozunguka na krenkshafti linalotupa uchafu mzito pembeni. Chembe ndogo zinabaki zinaelea ndani ya oili, zinazunguka na kila kitu. Oili ya ghali haiziondoi. Zinaondoka ukimwaga tu. Nikifungua wavu huwa naupitisha kwenye kidole gumba chini ya jua: vumbi la kung'aa kidogo ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa kucha si kawaida.

---

Kijiti:

Kila kilometa ngapi sasa?

---

Spana Kumi na Nne:

Kitabu chako. Kuna vya 3,000 na kuna vya 6,000, na ile ya kwanza kabisa kwenye injini mpya mara nyingi haivuki 1,000 kwa sababu vyuma bado vinakwanguana. Kama unabeba mzigo kutwa, vumbi, kuwasha na kuzima, punguza. Mwaga injini ikiwa vuguvugu, badilisha ile pete (washa) ya nati ya chini, na usiikaze nati kwa hasira. Mwili wa injini ni aluminiamu, nyuzi zinavuka kirahisi.

---

Gia Nne:

Wakuu narudisha majibu, imekuwa siku kumi na moja.

Kwanza nililegeza kebo, mchezo nikaupata milimita 15. Nikajaribu na oili ile ile: mtelezo ukapungua, haukuisha. Nikamwaga, nikaweka 10W-40 yenye kisanduku cha MA2. Kilometa 200, nikamwaga tena. Peke yangu ikawa inavuta. Nikipakia mtu, mlima ule ule, inateleza.

Nikafungua klachi. Plati tatu zilikuwa zinang'aa kama kioo cha saa, mbili kingo zake nyeusi. Za chuma zina madoa ya bluu. Nimepima unene kwa venia (kifaa cha kupimia milimita), mbili zimeshuka chini ya kikomo cha kitabu. Springi ziko sawa.

Nimeweka seti mpya.

---

Spana Kumi na Nne:

Plati uliziloweka kwanza?

---

Gia Nne:

Usiku kucha kwenye bakuli la oili mpya, kama kitabu kilivyosema. Mke wangu ameuliza bakuli lake liko wapi.

Jana nimeupanda ule mlima, gia ya tatu, mtu nyuma na gunia mbele. Imepanda. Zile lita tatu zilizobaki nimempa jirani, kitabu cha gari lake kinataka 5W-30 hiyo hiyo.